Kuomba nafasi katika shule ya biashara Uganda: isome programu kabla ya kujaza fomu

Matokeo ya S6 (kidato cha sita) yanapotoka, kwa kawaida Februari au Machi, kila nyumba huuliza jambo moja: fomu zinafunguliwa lini? Tarehe utaipata gazetini au kwenye tovuti ya chuo, na kujaza fomu ni kazi ya saa moja au mbili. Kinachostahili wiki nzima ya utulivu ni kuijua programu yenyewe: ina masomo gani, inahesabuje alama zako, nani anaitambua na itakugharimu kiasi gani hadi siku ya mahafali. Wengi wanaokwama mwaka wa kwanza walijaza fomu bila kosa hata moja. Walichokosea ni kozi.

Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kazi inavyopaswa kufanywa. Umelenga zaidi mwombaji wa shahada ya kwanza, lakini kuna sehemu ya MBA (shahada ya uzamili ya biashara) kwa wenye shahada tayari.

Hatua ya 1: Jua unaomba chuo kipi hasa

Mtu akisema "shule ya biashara" Kampala, wengi humaanisha MUBS, shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Makerere iliyoko Nakawa, kwenye barabara ya Port Bell. Ilianzishwa mwaka 1997 kwa kuunganisha Kitivo cha Biashara cha Makerere na chuo cha taifa cha masomo ya biashara kilichokuwa hapo hapo Nakawa. Ina kampasi za mikoani pia: Arua, Jinja, Mbale na Mbarara. Kwa kijana wa West Nile au Bugisu, kampasi ya karibu inaweza kumpunguzia gharama ya hosteli kwa kiasi kikubwa, ila si kila kozi ya Nakawa inafundishwa huko. Uliza kozi yako kwa jina.

Kule kilimani Makerere kuna CoBAMS, chuo cha ndani chenye shule ya uchumi, shule ya biashara, na shule ya takwimu na mipango. CoBAMS na MUBS ni mahali pawili tofauti, penye misimbo tofauti ya kozi, ada tofauti na walimu tofauti. Mwombaji anayeandika msimbo wa kozi bila kuusoma vizuri anaweza kujikuta amepangiwa upande ambao hakuukusudia, na kuhama baadaye kunahitaji barua, ada na nafasi iliyo wazi. Andika msimbo kwenye karatasi, ulinganishe na tangazo herufi kwa herufi, ndipo uuingize kwenye fomu.

Kyambogo, Gulu, Chuo Kikuu cha Kikristo cha Mukono, Chuo Kikuu cha Mashahidi cha Nkozi, Nkumba na Chuo cha Kiislamu cha Mbale vyote vina programu za biashara. UMI (taasisi ya uongozi ya Uganda) iliyo kando ya Jinja Road, iliyoanza mwaka 1969, inahudumia zaidi watu walio kazini wanaotafuta stashahada za uzamili na shahada za uzamili. Ukiwa ndiyo kwanza umemaliza S6, anza na hivyo vingine.

Hatua ya 2: Hakikisha programu ina ithibati

Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, ndilo linalosajili vyuo na kuthibitisha programu. Hayo ni mambo mawili. Chuo kinaweza kuwa na kibali safi huku programu moja ndani yake haijathibitishwa, au muda wake umepita. Kwa hiyo usiishie kuuliza "chuo hiki kimesajiliwa?" Ingia kwenye tovuti ya NCHE, tafuta jina la chuo, kisha jina kamili la programu na ngazi yake, uone hali yake.

Mwaka 2023 watu wengi walishtuka walipoona programu nyingi, hata za vyuo vikongwe, zimeandikwa kwamba muda wake umekwisha. Maana yake ni kwamba mtaala ulipaswa kupelekwa kukaguliwa upya baada ya kipindi chake, na ukaguzi huo haujakamilika. Ukikuta hali hiyo kwenye kozi unayoitaka, mwulize msajili wa chuo maswali mawili: je, mtaala mpya umeshawasilishwa NCHE, na je, kundi linaloingia mwaka huu litasoma mtaala upi? Omba jibu kwa maandishi, hata kwa barua pepe. Chuo chenye majibu hutoa bila shida. Mtu akikujibu kwa mdomo tu kuwa "hiyo inashughulikiwa", usilipe hata shilingi mpaka uone maandishi.

Hatua ya 3: Soma programu yenyewe

Hapa ndipo kazi ilipo. Omba orodha ya masomo kwa kila semista, kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Baadhi ya vyuo huiweka mtandaoni. Vingine utaipata kwa mratibu wa kozi au ofisi ya kitivo. Kipeperushi chenye picha za mahafali hakitoshi.

Ukiipata, angalia krediti kwanza, yaani kipimo cha uzito wa kila somo. Katika mfumo wa Makerere, krediti moja ni saa 15 za kukutana na mwalimu, kwa hiyo somo la krediti 3 ni saa 45 na la krediti 4 ni saa 60. Jumlisha krediti za semista moja, uone mzigo. Mwenye kazi ya mchana anayetaka kusoma jioni afanye hesabu hii kwa makini, akiongeza muda wa taksi. Anayefanya kazi mjini na kuwahi darasa la saa kumi na moja na nusu Nakawa lazima apite Jinja Road wakati msongamano unaanza. Uliza saa halisi ya kuanza vipindi, na ikiwezekana nenda Jumatatu moja jioni uijaribu njia hiyo.

Kisha tazama masomo ya mwaka wa kwanza. Programu nyingi za biashara huanza na shina moja: misingi ya uhasibu, uchumi mdogo, hisabati ya biashara, takwimu, sheria ya biashara, kanuni za uongozi, mawasiliano na kompyuta. Tofauti hutokea mwaka wa pili na wa tatu. BCom (shahada ya biashara) huanza kwa upana, kisha mwanafunzi huchagua mkondo kama uhasibu, fedha au masoko. BBA (shahada ya usimamizi wa biashara) huwa na mambo mengi zaidi ya uendeshaji na uongozi. Shahada ya sayansi ya uhasibu huingia kwenye ukaguzi, kodi na taarifa za fedha mapema na kwa kina. Zipo pia kozi zenye mlango mmoja mahususi: ununuzi na ugavi, rasilimali watu, biashara ya kimataifa, usafirishaji, utalii, hoteli, ujasiriamali, kompyuta ya biashara.

Ushauri wetu ni huu: ukiwa hujui bado unataka kufanya kazi gani, chagua kozi pana. Mwenye BCom anaweza kuelekea ununuzi baadaye kwa kusomea vyeti vya taaluma. Aliyeanza na kozi nyembamba ana safari ndefu zaidi kurudi kwenye uhasibu. Ukishajua, usione haya kuchagua nyembamba, maana waajiri wa ununuzi na ugavi huangalia kama umesoma ununuzi na ugavi.

Masomo yanayowaangusha watu mwaka wa kwanza ni hisabati ya biashara, takwimu na uhasibu. Aliyesoma HEG (Historia, Uchumi, Jiografia) au HED (Historia, Uchumi, Dini) na kuiacha hisabati S4 ataingia darasa moja na waliosoma hisabati miaka miwili zaidi. Hilo halimzuii kufaulu, ila miezi kati ya matokeo na kuanza masomo aitumie kurudia aljebra, asilimia, riba, grafu na milinganyo. Anayejua kufungua hesabu za mali, madeni na mtaji kabla ya siku ya kwanza atakuwa na nafasi ya kupumua.

Ukishindwa somo la semista ya kwanza, mara nyingi utalirudia semista ya kwanza ya mwaka unaofuata, kwa sababu somo hufundishwa mara moja kwa mwaka, tena kwa kulipia. Somo likiwa ni sharti la lingine, kuna vyuo vitakuzuia kuendelea na lile la pili. Ndiyo maana riteki moja, yaani somo moja la kurudia, ya mwaka wa mwisho inaweza kumchelewesha mtu mahafali mwaka mzima.

Uliza pia kuhusu mafunzo ya kazini. Kozi nyingi huyaweka mwisho wa mwaka wa pili, kwa wiki nane hadi kumi. Je, chuo humtafutia mwanafunzi nafasi, au humpa barua tu akatafute? Mara nyingi ni barua. Anayesubiri hadi wiki ya mwisho atakuta benki na ofisi za wilaya zimejaa. Barua hiyo iombwe miezi mitatu kabla.

Jambo la mwisho katika hatua hii linahusu taaluma. Ukiwa na nia ya kuwa mhasibu aliyesajiliwa, shahada peke yake haikufikishi. Lazima upite mitihani ya CPA ya ICPAU, taasisi ya wahasibu wa Uganda, au ya chombo kingine kinachotambuliwa, mfano ACCA ya Uingereza. Wenye shahada za uhasibu au zilizokaribiana nazo huweza kusamehewa baadhi ya karatasi, kulingana na masomo waliyoyafanya. Kabla ya kuchagua kozi, iulize ICPAU ni karatasi zipi husamehewa kwa programu hiyo ya chuo hicho. Kozi mbili zenye majina yanayofanana zinaweza kupata msamaha tofauti. Karatasi tatu au nne zilizosamehewa ni ada na miezi mingi uliyookoa.

Hatua ya 4: Hesabu uzito wako mwenyewe

Usisubiri mtu wa kioski cha intaneti akuambie kama utaingia. Hesabu hii mtu yeyote anaweza kuifanya kwa kalamu.

Ili kuingia moja kwa moja unahitaji UCE (mtihani wa S4) yenye ufaulu usiopungua masomo matano, na UACE (mtihani wa S6) yenye prinsipo mbili, yaani ufaulu kamili wa masomo makuu mawili, zilizopatikana katika kikao kimoja. Hilo ni la chini kabisa. Ushindani huamuliwa na uzito, yaani jumla ya alama zako baada ya kuzidishwa kufuatana na kozi.

Kila herufi ya somo kuu ina pointi: A ni 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2, na O, ambayo ni ufaulu mdogo na si prinsipo, ni 1. Chuo huyagawa masomo ya kila kozi katika makundi. Masomo ya lazima huzidishwa kwa 3, yanayohusiana na kozi kwa 2, yanayopendelewa kwa 1, na mengineyo kwa 0.5. General Paper (somo la maarifa ya jumla) na somo dogo la kompyuta au hisabati, ukifaulu, huleta pointi moja moja. Kwa mfumo wa UCE wa zamani, kila distinksheni (ufaulu wa juu) ya 1 au 2 ni 0.3, kila kredi (ufaulu wa kati) ya 3 hadi 6 ni 0.2, na kila pasi ya 7 au 8 ni 0.1. Wasichana huongezewa 1.5.

Tuchukue mwanafunzi wa MEG (Hisabati, Uchumi, Jiografia) mwenye Uchumi B, Jiografia C na Hisabati D, aliyefaulu General Paper na somo dogo la kompyuta. UCE yake ina distinksheni 2, kredi 6 na pasi 2, yaani 0.6 + 1.2 + 0.2 = 2.0.

Kozi ya kwanza inataka Uchumi na Hisabati kama masomo ya lazima, na somo la tatu lililo bora kama linalohusiana:
Uchumi 5 × 3 = 15, Hisabati 3 × 3 = 9, Jiografia 4 × 2 = 8, masomo madogo 2, UCE 2.0. Jumla 36.0.

Kozi ya pili inachukua masomo mawili yaliyofanywa vizuri zaidi, yoyote yale:
Uchumi 15, Jiografia 4 × 3 = 12, Hisabati 3 × 2 = 6, masomo madogo 2, UCE 2.0. Jumla 37.0.

Kozi ya tatu inataka Uchumi na Hisabati, na Jiografia haimo katika yanayohusiana, hivyo inaangukia mengineyo:
15 + 9 + (4 × 0.5 = 2) + 2 + 2.0. Jumla 30.0.

Matokeo ni yale yale, mwanafunzi ni yule yule, lakini kati ya kozi na kozi kuna tofauti ya pointi saba. Akiwa msichana, ongeza 1.5 kila mahali. Ndiyo sababu ya kutafuta mgawanyo wa masomo wa kila kozi katika tangazo la mwaka huu. Vyuo hubadilisha makundi, na orodha ya kaka yako ya miaka mitatu iliyopita inaweza kukupotosha.

Waliofanya UCE mwaka 2024 na kuendelea, chini ya mtaala mpya, wana herufi A hadi E badala ya zile namba za 1 hadi 9. Kwao desimali za UCE zilizo hapo juu hazitumiki. Wafuate jedwali litakalotolewa na chuo katika mwaka wao wa kuomba.

Ukishapata jumla, tafuta alama za ukomo (za chini kabisa zilizomwingiza mtu) za mwaka uliopita kwa kila kozi. Angalia kama ni za wanaofadhiliwa na serikali au za wanaojilipia, kwa maana za serikali huwa juu sana. Alama za ukomo ni za mwaka uliopita tu; mwaka huu zinaweza kupanda au kushuka. Jiachie nafasi ya pointi mbili au tatu.

Hatua ya 5: Panga chaguo

Chaguo la kwanza liwe kozi unayoitaka kwa moyo na ambayo uzito wako unaifikia au unaikaribia. La pili liwe kozi ambayo uzito wako unaipita kwa nafasi. Yanayofuata yawe ya usalama, lakini ziwe kozi ambazo kweli ungeweza kuzisoma kwa miaka mitatu. Kosa la kawaida ni kujaza chaguo zote kwa kozi zenye alama za juu zaidi ya ulizonazo, ukitumaini "bahati". Kosa lingine ni kuacha nafasi wazi. Nafasi iliyo wazi haiombewi.

Hatua ya 6: Nyaraka na majina

Andaa hivi kabla ya kugusa kompyuta:

- matokeo ya UCE na UACE, pamoja na vyeti kama vimeshatoka
- kitambulisho cha taifa au namba yake ya NIN. Kwa mgeni, pasipoti au kitambulisho cha mkimbizi
- picha ndogo ya rangi
- cheti cha kuzaliwa
- namba ya simu na barua pepe zako mwenyewe, si za mwenye kioski

Hiyo ya mwisho wengi huidharau. Ujumbe wa kukubaliwa, namba ya siri na taarifa za malipo hutumwa kwenye simu na barua pepe uliyoandika. Fungua barua pepe yako bure, andika nywila mahali salama.

Majina yafuate vyeti vya UNEB (baraza la mitihani la taifa), kwa mpangilio ule ule na herufi zile zile. Aliyeandikwa "Okello John" UCE na "Okello John Bosco" UACE, au ambaye NIN yake ina jina la baba lisilo kwenye cheti, aandae kiapo cha kisheria mapema. Tofauti ndogo za herufi ndizo zinazowazuia watu kwenye dirisha la uhakiki, foleni ikiwa imefika mlangoni.

Kwa waliosoma nje ya Uganda: cheti cha sekondari hupelekwa UNEB, Ntinda, kulinganishwa na UCE na UACE. Stashahada na shahada za nje hupelekwa NCHE. Cheti kilicho kwa Kifaransa, kama Diplôme d'État ya Kongo, kitafsiriwe Kiingereza na mtafsiri anayetambuliwa kabla ya kupelekwa. Kazi hii huchukua wiki, kwa hiyo ianze kabla ya tangazo la chuo kutoka. Muulize pia basari (mtunza fedha wa chuo) kama raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wanalipa ada ya Mganda au ya mgeni, na kama Kongo, iliyojiunga mwaka 2022, imeshaingizwa kwenye orodha yake. Tofauti ya ada hizo si ndogo. Ukishakubaliwa, mgeni anahitaji pia pasi ya mwanafunzi kutoka uhamiaji.

Hatua ya 7: Kujaza na kulipa

Vyuo vya serikali hupokea malipo kwa PRN, namba ya kumbukumbu ya malipo. Mfumo unaitoa, unailipa benki au kwa pesa za simu, kisha unarudi kwenye fomu kuona kama malipo yamesoma. Hapa mambo matatu huharibika. La kwanza, mtu analipa na kudhani amemaliza, kumbe fomu bado haijawasilishwa. Kulipa na kuwasilisha ni vitendo viwili. La pili, PRN inaisha muda kabla hujalipa, na inabidi utoe nyingine. La tatu, mtu anakopi PRN ya mwenzake na pesa zinaingia kwenye jina lisilo lake.

Usilipe kamwe kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, hata akivaa kitambulisho cha chuo. Anayeahidi "kukuingizia" jina kwenye orodha kwa malipo anauza kitu ambacho hana. Baada ya kuwasilisha, pakua fomu iliyokamilika na risiti, zihifadhi kwenye simu na pia kwenye barua pepe.

Wasiopitia UACE

Mwenye stashahada ya taaluma inayohusiana na kozi huingia kwa njia ya stashahada, akiwa na matokeo na cheti kamili. Mara nyingi huhitajika awe na daraja la pili. Mwenye umri wa miaka 25 na zaidi anaweza kufanya mtihani wa watu wazima, ambao hutangazwa mapema kuliko fomu za kawaida. Anayengoja matangazo ya Mei atakuta umeshapita. Ipo pia njia ya cheti cha elimu ya juu, kozi ya mwaka mmoja ya kujaza pengo.

Kwa wanaoomba MBA

Sharti la kawaida ni shahada ya kwanza yenye angalau daraja la pili la chini. Aliyemaliza na pasi tupu kwa kawaida hutakiwa kupitia stashahada ya uzamili kwanza, na hapo ndipo wengi hukimbilia UMI. Katika mfumo wa Makerere wa pointi 5.0, daraja la kwanza huanza 4.40, la pili la juu 3.60, la pili la chini 2.80 na pasi 2.00. Hivyo mwenye 2.79 hajafika. Makerere pia hutumia mtihani wa kuingia unaoitwa GAT kwa baadhi ya programu za uzamili. Jiandae kwa hesabu za kawaida, mantiki na ufahamu wa Kiingereza, kwa muda uliopangwa.

Nyaraka ni cheti na matokeo yote ya shahada, wasifu wa kazi, wadhamini wawili au watatu na barua ya kueleza nia. Wadhamini waulizwe wiki tatu kabla, na wapewe wasifu wako ili waandike mambo ya kweli. Mdhamini anayekujua kazini ana uzito kuliko mtu mwenye cheo asiyekukumbuka.

Barua ya nia isizidi ukurasa mmoja. Iseme unafanya kazi gani, tatizo gani la kazi hiyo unataka kulielewa, na masomo gani ya programu hiyo yatakusaidia. Mfano: "Ninasimamia ukusanyaji wa mikopo katika SACCO ya wakulima wa kahawa. Wanachama hulipa baada ya mavuno, ilhali ratiba yetu inadai kila mwezi. Nataka kusoma usimamizi wa hatari za fedha na utafiti ili nipange ratiba inayofuata msimu." Barua ya namna hiyo inaonyesha umeisoma programu. Kusema tu kwamba unapenda uongozi hakumwambii msomaji lolote.

Kabla ya kulipa, uliza juu ya mwisho wa kozi. Katika mfumo wa Makerere, Mpango A humaliza na tasnifu, na Mpango B humaliza na mradi. Masomo ya darasani wengi huyamaliza kwa wakati, kisha tasnifu inawashika kwa miaka. Muulize mratibu: msimamizi hupangwa lini, na mwanafunzi huanza pendekezo la utafiti semista ya ngapi? Programu inayoanza pendekezo mwaka wa kwanza ni bora kwa mtu aliye kazini.

Hatua ya 8: Bajeti

Chukua ada ya masomo ya semista na uizidishe kwa idadi ya semista zote, usihesabu ya kwanza tu. Ongeza ada za huduma za mwaka, ambazo nyingi huangukia semista ya kwanza na kuifanya iwe nzito zaidi. Ndani yake kuna shilingi 20,000 za NCHE kwa mwaka. Kisha hosteli, ambayo Nakawa, Banda na Kireka hulipwa kwa semista na mara nyingi huhitaji kianzio kabla ya masomo kuanza. Weka nauli, chakula, kompyuta, uchapishaji, na gharama ya wiki za mafunzo ya kazini, kwa kuwa ofisi nyingi hazilipi wanafunzi.

Ufadhili wa serikali kwa vyuo vyake ni wa nafasi zipatazo 4,000 kwa mwaka nchi nzima, na nyingi huenda kwa sayansi. Mkopo wa HESFB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, nao umeelekezwa zaidi kwenye sayansi, hivyo angalia orodha ya kozi za mwaka husika kabla ya kuutegemea. Familia isiyo na ada ya semista zote sita ijue mapema semista ipi italegalega, kwa kuwa asiyesajiliwa hafanyi mtihani, na kusimama mwaka kwa kuomba ruhusa rasmi ni salama kuliko kutoweka bila barua.

Baada ya orodha kutoka

Jina lako likionekana, barua unayopewa kwanza ni ya muda hadi vyeti halisi vihakikiwe. Nenda na vyeti halisi pamoja na nakala, siku uliyopangiwa. Sajili masomo kwenye mfumo mwanzoni mwa semista, halafu hakikisha kila somo ulilosajili linaonekana. Somo lisilosajiliwa halitakuwa na alama hata kama ulikaa darasani wiki zote.

Usipojiona kwenye orodha ya kwanza, fuatilia ya pili na uliza kama kuna udahili wa Januari. Mwenye prinsipo moja na ufaulu mdogo katika masomo mawili bado anaweza kuingia stashahada. Vyuo vya biashara vya serikali vya Aduku, Kabale, Pakwach, Soroti na Tororo vinatoa stashahada za miaka miwili. Anayekwenda huko aulize siku ya kwanza ni daraja gani linalohitajika kuingia shahada anayoitaka baadaye, na alama za semista ya kwanza azihesabu kuwa sehemu ya ombi hilo.